Masaa Arobaini na Moja ya Maman Micheline

Papa Donatien aliweka rula juu ya ukurasa wa Maman Micheline, akavuta mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, kisha akapuliza wino ukauke kama mtu anayempozea mgeni chai.

"Arobaini na moja imetoka," alisema. "Inabaki thelathini. Andika, mademoiselle."

Noëlla hakuandika. Alikuwa sekreteri wa Undugu wa Arimataya tangu alipomaliza chuo, mwaka wa pili sasa, na katika muda huo wote hakuwahi kumbishia prezida huyu. Sauti yake ilikuwa ndogo, naye alijua ni ndogo. Mikutanoni walimtaka kila mara aseme mara mbili, mpaka akachagua kutosema kabisa. Kazi ya kaye, lile daftari la masaa, ilimfaa: kaye haimwambii mtu apaze sauti.

Undugu ulichukua jina la yule Yosefu aliyeuomba mwili wa Yesu akauzika. Wanachama walitembelea wagonjwa, walifagia kanisa, waliwatekea maji wajane, na walizika. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake wenye safu nne: tarehe, kazi, masaa, shahidi. Aliyefikisha masaa sitini kabla ya sikukuu ya Kristu Mfalme alibaki ndugu mwaka mwingine. Akifa, ndugu zake walimwosha kwa mikono yao, wakamfunika kitambaa cheupe cha Undugu, wakambeba mabegani. Asiyefikisha sitini alitolewa katika liste, na kifo chake kikawa shauri la jamaa zake.

"Papa Prezida," Noëlla alisema, "Maman Micheline iko ku hopitali. Munganga alisema ini yake imekwisha."

"Ninajua."

"Haiko na mutoto. Haiko na ndugu hapa Bukavu. Tukimutosha mu liste, nani..."

"Sheria haina hopitali." Papa Donatien aligeuza kaye, akagonga safu ya mwisho kwa kucha. "Soma mwenyewe. Hawa ni mashahidi gani? Wako memba? Wako wazima? Kaye ya Undugu haiko makaburi. Alete muntu mumoja mwenye kupumua, mwenye alimuona akifanya kazi, asaini hapa. Akimuleta mbele ya samedi ya mukutano, mimi mwenyewe nitaandika upya, na biki ya bleu."

Alivaa koti lake akatoka. Noëlla alibaki na ukurasa ule, na kwa mara ya kwanza akausoma.

Alikuwa ameujumlisha mwezi wa tatu, mikutano ilipoanza tena. Kidole chake kilishuka wakati ule kwenye safu ya masaa, tatu, mbili, nne, tatu, kikafika chini, akaandika jumla. Hakutazama pembeni. Zilikuwa siku nne za mwezi wa pili, zile siku ambazo mji ulichukuliwa na wenye bunduki na watu wakajifungia ndani wakisikiliza risasi barabarani. Mbele ya kila mstari Maman Micheline aliandika kazi ileile: kuosha. Na chini ya neno Shahidi, kwa herufi za mtu aliyeacha shule mapema, mistari kama hii:

*Mwanaume wa miaka kama 40, soksi mbili hazifanane.*

*Destin, fundi wa radio, jino la mbele limekatika.*

*Mutoto musichana, jina haiko, nywele imesukwa nusu.*

*Héritier, mutoto wa Bintu wa sambaza ku Nyawera, kovu ya mafuta mukono wa kushoto. Masaa 4.*

Walikuwa kumi na wanne.

Kesho yake alikwenda hospitali. Maman Micheline alikuwa amelala chali, tumbo limeinuka chini ya blanketi na mikono imekonda kabisa, macho rangi ya mafuta ya mawese.

"Sekreteri!" alisema. "Umekuya kuhesabu pumzi yangu? Andika: dakika tano, na shahidi ni huyu wa kitanda cha pili, mwenye kukoroma."

Noëlla alijaribu kucheka. Kisha akamweleza, akitazama mikono yake mwenyewe, habari ya mstari mwekundu.

"Lakini nilikuuliza weye," mama huyo alisema. "Nilisema, hapa kwa shahidi niandike nani? Ukaniambia, andika bale balikuwa pale."

Noëlla akakumbuka. Alikuwa akijumlisha ukurasa wa mtu mwingine, na alijibu bila kuinua kichwa.

"Na mu kanisa tunaimba kila mwaka: mashahidi, mashahidi. Mashahidi wa Uganda walichomwa moto. Mimi ninajua shahidi ni ule mwenye alikufa. Na pale ku chumba ya maiti, nani mwingine alikuwa? Mimi, na bale, na Anaclet mulinzi wa morgue mwenye aliniletea maji. Anaclet alivuka Burundi. Kama alifika, sijue."

"Hakuna hata mumoja mwenye alikuona?"

"Watu walikuwa chini ya vitanda, mutoto." Aligeuza uso ukutani. "Sasa nani atanisafisha mimi?"

Noëlla alivuta blanketi, akamfunika mabega.

"Siogope kufa," Maman Micheline alisema akiwa bado ameuelekea ukuta. "Niliona tu vile muntu anakuwa kama hakuna mwenye kumusafisha. Mainzi haiogope sakramenti."

Katika majina yote kumi na manne, moja tu lilikuwa na mahali pa kwenda kuuliza. Noëlla aliibana kaye kifuani, akapanda mpaka soko la Nyawera. Njia nzima alijiambia kwamba mama mwenye mtoto aliyekufa tangu mwezi wa pili hangekosa kujua. Angekuwa amekwisha kulia. Angesaini, labda hata angeshukuru.

Hakuhitaji kumtafuta sana. Bintu wa sambaza alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti iliyofika mbele yake. "Kuya, ma fille, kuya! Hizi zimetoka mu ziwa leo asubuhi, zingali zinauliza njia ya kurudi!" Akachota kikombe cha samaki wadogo wale, akaweka na cha nyongeza kabla hajaombwa.

"Maman Bintu," Noëlla alisema. "Ni juu ya Héritier."

"Ni nini?"

"Ni juu ya Héritier, maman."

Kikombe kilisimama hewani. Bintu alimtazama kuanzia nywele mpaka viatu, polepole, halafu akacheka mpaka majirani wakageuka.

"Njo weye! Kumbe ni weye mwenye alikuwa anamumalizia credit ya telefone! Muone, ba-maman, muone! Bibi ya Héritier! Angalia vile iko na haya, inahesabu majiwe ya chini."

"Hapana, maman, mimi..."

"Usikatae, hata mimi nilikataa kwa mama ya baba yake." Alimvuta mkono, akamkalisha kwenye kigoda. "Nakuambia ukweli, haandike hata mimi. Alishuka Sange ile asubuhi ya mwezi wa pili, masasi haijaanza, kwa mujomba wake wa mupunga. Miaka kumi na tisa, anajiona papa. Kule reseau haiko. Lakini kila magaribi ninamubakishia bugali mu sahani. Asubuhi ninaikula mwenyewe. Unaona vile nimenona? Ni yeye ananinonesha!"

Wanawake wa pembeni walicheka. Noëlla alisimama. Angeweza kununua sambaza akaondoka, na mama huyu angeendelea kucheka mpaka lini, Mungu ajuaye. Alipiga hatua moja.

"Na hiyo kitabu unakumbatia hivyo?" Bintu aliuliza. "Iko barua yake ndani?"

Ndipo Noëlla alipojua kwamba hawezi. Alifungua kaye. Akasema yeye ni sekreteri wa Undugu, kwamba kuna mama aliyefanya kazi pale kwenye chumba cha maiti siku zile za mwezi wa pili, na kwamba aliandika. Akasoma mstari ule kwa sauti yake ndogo. Mara hii hakuna aliyemtaka arudie.

Bintu alikuwa akiwapanga samaki waliomwagika ukingoni.

"Ba-Héritier ni wengi," alisema.

"Ndiyo, maman."

"Hata Bintu ni wengi. Ku Kadutu kuko mwingine, anauza ndagala."

"Ndiyo, maman."

"Umesema kovu ya nini?"

"Ya mafuta. Mukono wa kushoto."

Mteja alikuwa amesimama na bakuli lake mbele ya meza. Bintu alichukua mfuniko wa beseni, akawafunika sambaza.

"Nipeleke kwa huyo mwanamuke," alisema.

Hospitalini Bintu alisimama kando ya kitanda na aproni yake yenye magamba, akamwinamia mgonjwa.

"Weye njo Micheline?"

"Njo mimi."

"Mutoto wangu ulimuona na macho?"

"Nilimuosha."

"Masaa ine." Sauti ya sokoni ilikuwa imebaki sokoni. "Muntu anaoshwa nusu saa. Masaa ine ulikuwa unafanya nini na mutoto wangu?"

Maman Micheline alimtazama Noëlla, kama anayeomba ruhusa, kisha akamrudia mama mtu. "Unataka nikuambie?"

"Nimetembea na miguu kutoka Nyawera."

Basi akamwambia. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, na Anaclet alishuka ziwani mara tatu na bido mbili za maji akipita nyuma ya nyumba za watu. Shati lilikuwa limekauka na damu juu ya mgongo. "Sikutaka kuvuta," alisema. "Nililowanisha, nikangoja. Nikalowanisha tena. Anaclet alimutambua, alikuwa ananunua samaki kwako. Akaniambia mama yake anacheka sana." Mengine alimtaka Bintu asogeze sikio, akamnong'oneza, na Noëlla alitazama dirishani ili asisikie.

Bintu aliponyooka, uso wake ulikuwa umekauka.

"Miezi tisa," alisema. "Uliniacha ninapika miezi tisa."

"Nilimuandika."

"Uliandika!"

"Nilibaandika bote. Jina, na kama jina haiko, alama. Nilifikiri kule ku Undugu banasoma. Nilifikiri batatuma bantu mu manyumba, basema, mama, mutoto wako ni huyu." Maman Micheline alipumua kwa shida. "Nilingoja. Nikasema labda balienda."

Noëlla alishika chuma cha kitanda. Kidole chake kilikuwa kimepita hapo mwezi wa tatu, kimeshuka kwenye namba kama maji kwenye bati.

"Balimuzika wapi?" Bintu aliuliza.

"Camion ilikuya kubabeba. Haikuwa na nafasi ya bazima, sikuona balienda wapi."

Kaye ilikuwa wazi juu ya blanketi na biki katikati, na Noëlla aliona macho ya mgonjwa yakienda kwenye biki ile, yakarudi, yakaenda tena. Bintu naye aliyaona.

"Munataka nisaini."

"Maman, si lazima leo," Noëlla alisema.

"Ile siku mulango yangu nilifunga na armoire ya manguo. Nilikuwa chini ya kitanda, kipande ya kikwembe mu kinywa nisilie. Sikuona kitu. Nitashuhudia nini?" Alifika mlangoni, akasimama bila kugeuka. "Na nikisaini, njo amekufa."

Samedi, Jumamosi ya mkesha wa Kristu Mfalme, Undugu ulikutana katika sale, ukumbi wa parokia, kusomewa ripoti ya mwaka. Watu thelathini hivi walikaa kwenye mabenchi, na sahani ya karanga ilipita mkono kwa mkono. Noëlla alisimama mbele akasoma jina na jumla, jina na jumla. Papa Ezéchiel, sitini na nne: makofi. Maman Mélanie, themanini na mbili: makofi na vigelegele, maana alikuwa akifua nguo za kanisa peke yake. Kisha akafika kwa Maman Micheline.

Alipaswa kusema: thelathini, ametoka. Alirudisha kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Maman Micheline," alisema. "Kuosha. Masaa matatu. Shahidi: mwanaume wa miaka kama arobaini, soksi mbili hazifanane."

Papa Donatien aligonga meza kwa rula. Noëlla aliendelea. Alisoma wa pili, wa tatu, wa nne. Sahani ya karanga ilisimama mikononi mwa mtu. "Kuosha. Masaa mawili. Shahidi: Destin, fundi wa radio, jino la mbele limekatika."

"Rudilia," alisema Maman Mélanie kutoka benchi la tatu.

Noëlla alirudia.

"Jino ya juu ao ya chini?"

"Haikuandikwa, maman. Imeandikwa, jino la mbele."

Maman Mélanie alifungua kilemba chake, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani. Destin alikuwa mdogo wake wa mwisho. Kila mtu mle ndani alijua kwamba yuko Minova, kwamba alipata kazi.

Noëlla alikuwa amesoma mstari wa sita Papa Donatien alipoinuka kufunga madirisha, moja baada ya jingine, ingawa hewa ilikuwa nzito. "Funga hiyo kaye," alisema. Hakuwa amekasirika; sikio lake lilikuwa upande wa barabara. "Inje kuko masikio, mademoiselle. Unataka majina yetu sisi nayo iandikwe mu liste ingine? Unafikiri nilivuta ule mustari sababu ya sheria? Mimi nilisoma hiyo ukurasa tangu mwezi wa tatu."

"Ulisoma?" Maman Mélanie aliuliza.

Papa Donatien alivuta dirisha la mwisho, akalifunga.

"Kila samedi unaniuliza, Destin alipiga telefone? Minova iko baridi? Ulikuwa umesoma?"

"Ningekuambia nini, Mélanie?" Sauti ya prezida ilishuka mpaka ikawa ndogo kama ya sekreteri wake. "Ungelia. Bale benye bunduki bangesikia unalia. Bangeuliza, huyu unamulilia ni nani, na alikufa namna gani. Bangekuya ku nyumba yako, halafu ku yangu."

Aliichukua kaye mikononi mwa Noëlla, akaiingiza chini ya koti, akatoka kwa mlango wa sakristia. Hakukuwa na kura wala sala ya kufunga. Watu waliondoka wawili wawili, na katika mlango kila mtu alisimama kidogo kutazama barabara kabla ya kutoka.

Jumapili baada ya misa Noëlla alikwenda hospitali. Maman Micheline hakuweza tena kuinua kichwa.

"Balisoma?" aliuliza.

"Balisoma, maman."

"Bote?"

Walikuwa kumi na wanne, na alisimamishwa kwa wa sita. "Bote," Noëlla alisema. Ulikuwa uongo wa watu wanane.

Mgonjwa alifumba macho. Hakuuliza habari ya masaa sitini.

Alikufa Jumanne alfajiri. Kitambaa cheupe cha Undugu kilibaki kabatini, na ufunguo ulikuwa kwa prezida, ambaye mke wake alitoka mlangoni akasema amesafiri. Walioingia chumba cha maiti walikuwa wawili, Noëlla na Maman Mélanie, na bido nne za maji, sabuni ya kipande na kikwembe kipya. Noëlla hakuwahi kumgusa maiti. Baridi ya ngozi ilimpanda mpaka mabegani, akaona aibu kwa kusita mbele ya mtu ambaye hakusita.

"Shika kichwa," Maman Mélanie alimwambia. "Hapana hivyo. Mukono chini ya shingo, kama mutoto mudogo."

Walipofika miguuni, Maman Mélanie alisimama na kitambaa kinachodondosha maji.

"Unafikiri alimushika hivi?" aliuliza.

"Sijue, maman."

"Mimi ninafikiri alimushika hivi," alisema, akaendelea kuosha katikati ya vidole, kimoja kimoja.

Waliompeleka mlimani makaburini walikuwa Papa Ezéchiel na wanaume watatu wa mtaa wake. Padri alisoma haraka, maana mvua ilikuwa imeshika upande wa ziwa. Ni wakati udongo unashuka ndipo Noëlla alipomwona Bintu, chini kidogo, karibu na mchimba makaburi. Hakuja kaburini. Alikuwa akimwuliza yule mtu kitu; upepo ulileta neno moja, camion. Yule alisikiliza, akageuka, akainua koleo lake na kulizungusha juu ya mteremko mzima, kuanzia ukuta mpaka kwenye migomba, mahali ambapo majani yalikuwa mafupi na mabichi kuliko pengine.

Bintu alitembea humo. Alikwenda mbele, akarudi, akatazama kushoto kama mtu anayetafuta kiti kanisani. Mwishowe alichagua mahali. Alivua viatu, akakaa chini miguu imenyooshwa, na aproni yake ya sokoni angali nayo.

Noëlla aliteremka. Hakujua atasema nini. Aliposimama mbele yake, alisema lililokuwa kweli.

"Maman, hatujue kama ni hapa."

"Ninajua kama hatujue," Bintu alisema. Alikuwa akitazama viatu vya msichana. "Tosha muguu. Uko nakanyaga muntu."

Noëlla alitazama chini. Palikuwa na majani tu. Aliinua mguu, akautafutia mahali pengine pa kuuweka, na hakupaona.